Kiungo Kilichofunga Daraja

Tarehe 1 Desemba 2015 wakaguzi wa daraja la Forth Road, lililoning'inia juu ya mlango wa mto Forth huko Scotland tangu mwaka 1964, waliona ufa katika kiungo kimoja cha feleji kilichojificha chini ya barabara karibu na mnara wa kaskazini. Na kabla ya alfajiri ya tarehe 4 amri ilikwisha kutoka kwamba daraja zima lifungwe, hata magari kiasi cha 70,000 yaliyokuwa yakipita kila siku yakalazimika kuzunguka njia za mbali, na watu wa Fife waendao kazini Edinburgh wakaamka usiku ungali mzito. Lawama zilikuwa nyingi, na si ajabu. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba waliolifunga daraja lile walistahili shukrani, na kwamba lawama, kama ni lazima zimfikie mtu, zilikuwa na anwani nyingine.

Daraja la kuning'inia halitulii. Hutanuka kwa jua, hujikunja kwa baridi, huyumba kwa upepo na kubonyea lori linapopita. Kwa ajili hiyo fremu inayobeba barabara haikugandamanishwa na mnara, bali hushikwa na viungo ambavyo vipini vyake hugeuka kadiri barabara inavyosogea. Kipini cha kiungo kile kilikuwa kimekwama. Kikawa kama bawaba iliyoliwa na kutu: kisichoweza kugeuka hakina budi kupinda, na feleji iliyopindwa kidogo kidogo, mara zisizo na idadi, mwisho huchoka ikapasuka, ijapokuwa uzito ilioubeba haukupita kipimo chake. Aliyekisanifu hakukosea hesabu. Kilichopungua ni ule mwendo aliokikusudia.

Mafundi walijenga majukwaa chini ya barabara, juu ya maji, wakafanya kazi usiku na mchana katika dhoruba za Desemba, wakakifunga kiungo kilichopasuka kwa vipande vipya vya feleji na kuvikagua vingine vya jinsi yake. Magari madogo yalirudi tarehe 23 Desemba. Malori, ambayo ndiyo hasa mzigo, yalingoja hadi Februari 2016.

Kamati ya bunge la Scotland ilipolichunguza jambo hili ilihukumu kwamba kasoro ile haikuweza kutabiriwa. Siipingi hukumu hiyo, ila naona imefika nusu ya njia. Miaka kadhaa kabla ya ufa, mamlaka iliyosimamia daraja ilifikiria kuvibadilisha viungo vile, ikaahirisha. Na wakati huo tozo ya kuvuka daraja ilikwisha kufutwa, tangu Februari 2008, kwa furaha kuu ya wapiga kura, mfuko wa matengenezo ukabaki kuitegemea ruzuku ya serikali. Mtu anaweza asijue ufa utatokea wapi, na bado akajua kwamba chuma chenye umri wa nusu karne chataka fedha iliyotengwa kabla ya kuhitajiwa.

Hapa ndipo habari ya Forth inapotugusa sisi Watanzania. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, na lile la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kiasi cha kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, mwaka 2025. Hayakujengwa kwa namna ya Forth, lakini nayo yana nyaya za feleji na maungio yanayotaka kutazamwa, na kutazamwa huko aghalabu hakumletei kiongozi utepe wa kukata wala kamera. Wakazi wa Kigamboni wana hoja nzito wanapoilalamikia tozo, na mimi sina azma ya kuitetea. Ila kila anayedai ifutwe, na kila anayetaka ibaki, angeuliza kwanza swali moja ambalo silisikii mikutanoni: kila mwaka ni kiasi gani kinachowekwa kando kwa ukaguzi na vipuri vya daraja hilo, na ni sheria gani inayomzuia mtu kukigusa kwa kazi nyingine? Wizara na ichapishe jibu magazetini, daraja kwa daraja, kabla ya bajeti ijayo kusomwa.