Mavi ya Chuma: Juu ya Maneno ya Kutajia Vitu Vyetu vya Kale

Siku moja, katika darasa la kidato cha pili hapa Sumbawanga, mwanafunzi mmoja akaaye Izia alinijia na bonge jeusi, zito, lenye vitundu vingi na mng'ao kama wa chupa iliyoyeyuka. Alikuwa ameliokota nje ya mji, katika shamba la ulezi la babu yake, wakati wa kupalilia. Aliniuliza ni jiwe la namna gani. Wiki iliyotangulia mwanafunzi huyo huyo alikuwa ameandika katika jaribio, kwa Kiingereza kisicho na kosa, kwamba takataka itokayo katika tanuri la kuyeyushia chuma huitwa "slag", naye akapata alama zote. Neno alikuwa nalo, na kitu alikuwa nacho mkononi, lakini hakujua kwamba kimoja ndicho jina la kingine.

Nilimwambia kwamba Kiswahili kina jina la kitu kile tangu zamani, nalo limo katika kamusi: mavi ya chuma. Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka pamoja nao, lakini baadaye nilipokuwa peke yangu kicheko kile kilinikera. Walicheka kwa sababu hawakuamini kwamba neno la jikoni na la zizini laweza kuwa neno la elimu. Elimu, kwao, ni lazima ije na neno wasilolielewa.

Ninaandika makala haya kuipinga kasumba hiyo, na ninawaandikia kwanza walimu wenzangu, kwa kuwa sisi ndio tunaoipanda. Katika shule nyingi kumezuka desturi ya kuwagawia wanafunzi orodha za maneno makubwa ya Kiingereza ya kuzungumzia historia na vitu vya kale. Orodha hizo hukaririwa kama sala. Mwanafunzi hujifunza neno la kitu kilichofanyizwa kwa mkono wa binadamu, neno la kuchimbua, neno la asili ya kitu na wamiliki waliokipokezana, neno la kukadiria umri wake. Anayeyatamka vizuri huhesabiwa kuwa mjuzi wa historia. Sina ugomvi na Kiingereza kama lugha. Nimekisoma, na kimenifungulia vitabu vingi. Ugomvi wangu ni na desturi ya kulifanya neno kuwa mahali pa kitu, hata mtoto wa Ufipa, ambaye amezaliwa juu ya mojawapo ya nchi za chuma zilizo mashuhuri katika Afrika ya Mashariki, akawa mgeni wa chuma hicho.

Tulitazame jambo lenyewe. Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuri refu waliloliita ilungu, na yakiwa mengi huitwa malungu. Ilungu lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likapita kimo cha mtu mzima, mengine yakakaribia mita tatu. Chini yake liliachiwa matundu pande zote, na katika matundu hayo iliingizwa mirija ya udongo uliochomwa. Ndani yake yalipangwa makaa pamoja na mtapo, yaani mawe yenye chuma. Na hapa ndipo penye ajabu ambayo ningependa kila mwanafunzi aikalie na kuifikiri: hapakuwa na mvukuto. Hewa ya moto ilipanda juu kwa wembamba na urefu wa tanuri, na kwa kupanda huko ikavuta hewa mpya kupitia mirija ya chini, siku na usiku. Urefu wa ilungu haukuwa pambo, ndio uliokuwa mvukuto wenyewe. Aliyelibuni alikuwa na elimu ya mwendo wa hewa, ingawa hakuiandika katika daftari.

Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kimechanganyika na mavi yake. Kwa hiyo kilipelekwa katika matanuri madogo, vintengwe, ambamo sasa mivukuto ilitumika, kikasafishwa kwa moto wa mara ya pili. Baada ya hapo ndipo mhunzi alipokipokea, akakiweka juu ya fuawe, na kufua jembe, shoka au mkuki. Hatua tatu, na kila hatua na mafundi wake na majina yake.

Zaidi ya hayo, kazi hiyo ilikuwa na adabu yake. Ilungu jipya lilitendewa kama bi harusi. Mafundi walikuwa na dawa zao, na wakati wa kazi walijitenga na wake zao. Waandishi wa kikoloni, waliofika kuiangalia kazi hii ilipokuwa inafifia, waliiandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records, Greig mwaka 1937, na Wise mwaka 1958 akifuatisha makala ya pili mahususi kwa miko na dawa. Twawashukuru kwa kuandika. Lakini tazameni jinsi mambo yalivyogawanywa: moto na udongo viliitwa ufundi, dawa na miko zikaitwa imani, kana kwamba ni kazi mbili za watu wawili. Fundi wa Kifipa hakuwa na ugawanyiko huo. Na tusiwalaumu Wazungu peke yao. Kiswahili chetu cha misheni na cha ofisini kilikuwa kimekwisha zoea kuita uganga wowote uchawi, na neno hilo moja limewafanya vijana wengi wawaonee haya babu zao.

Kuna jambo jingine ambalo lawapasa walimu walijue. Wataalamu wa akiolojia wanaoandika kwa Kiingereza juu ya chuma cha Ufipa, akiwamo Mtanzania Bertram Mapunda ambaye amekitafiti kwa miaka mingi, hawakuyatupa maneno ya Kifipa. Katika maandishi yao utakuta malungu yameandikwa malungu, na namna nyingine ya matanuri, mafupi, iliyopatikana karibu na Ziwa Tanganyika, imeitwa katukutu, bila tafsiri. Walifanya hivyo kwa sababu ya usahihi. Neno la kigeni lingevuruga tofauti ambayo neno la mahali lilikuwa limekwisha ionyesha. Na yule mrija wa udongo wa kupitishia hewa, ambao wanafunzi wetu hutaabika kuandika jina lake la Kiingereza, jina hilo Waingereza waliliazima kwa Wafaransa, wala hawakuona haya. Basi mtaalamu asomwaye ng'ambo huandika ilungu, na mtoto wa Sumbawanga hufundishwa aseme "tanuri la mvuto wa hewa wa asili" kwa Kiingereza! Ni nani hapa aliye nyuma ya nani?

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu hii. Aliyesema hivyo na afungue kamusi. Kuna mtapo, kuna mvukuto, kuna fuawe, kalibu, koleo, mhunzi, masalia, magofu. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Penye upungufu, na upo, twaweza kuazima. Na mahali pa kwanza pa kuazima ni jirani, sio ng'ambo. Nitaambiwa pia kwamba mtihani ni wa Kiingereza, na mwalimu hana budi kumwandaa mtoto kwa mtihani. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza, nami sitaifanyia mzaha, kwa maana mtoto anayeshindwa mtihani haendi kulishwa na hotuba za utamaduni. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari. Pendekezo halikukubaliwa, na tangu hapo vizazi vimepita katika mlango ule ule mwembamba. Katika mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 limeingia somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lifundishwalo kwa Kiswahili, na hiyo ni hatua njema. Lakini lugha ya kitabu ikibadilika na mazoea ya mwalimu yasibadilike, tutakuwa tumetoka katika kukariri maneno ya Kiingereza na kuingia katika kukariri maneno ya Kiswahili, na bonge la Izia litabaki jiwe tu.

Wengine husema, maneno ni maneno tu, cha muhimu ni kitu chenyewe. Hapana. Neno huweza kukilinda kitu au kukiua. Sheria yetu ya Mambo ya Kale, iliyotungwa mwaka 1964 na kurekebishwa mwaka 1979, ilieleza kwa Kiingereza ni kitu gani cha kale na ni jengo gani la kale. Kwa vitu vinavyochukulika mpaka uliwekwa kuwa mwaka 1863. Kwa majengo, mwaka 1886. Miaka hiyo haina maana yoyote katika habari za Ufipa. Ilungu lililojengwa mwaka 1885 lingelindwa na neno la sheria. Ndugu yake aliyejengwa miaka michache baadaye, na mafundi wale wale, kwa udongo wa kichuguu kile kile, angelazimika kungoja tangazo mahususi la Waziri. Nani aliyewauliza Wafipa ukale wao huanzia wapi? Mwenye shamba mmoja aliniambia kwamba alibomoa mabaki ya ilungu na kutumia udongo wake, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba lile ni kitu. Alitumia neno hilo hilo, kitu. Mzee huyo si mharibifu. Yeye ametendewa na lugha ya ofisi kama alivyotendewa mwanafunzi wangu na lugha ya mtihani.

Au tazameni kichwa cha Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliidai Ujerumani irudishe fuvu la "Sultani Mkwawa". Usultani huo Wahehe hawakuwa nao; lilikuwa neno la watu wa pwani lililochukuliwa na Wazungu na kubandikwa kwa kila mtawala. Fuvu lilirudi mwaka 1954, nalo limewekwa Kalenga. Katika miaka yote iliyopita kati, fuvu la mtu aliyekufa akiipigania nchi yake lilikuwa kitu miongoni mwa vitu vilivyo "kusanywa". Neno hili kukusanya bado limejaa katika madaftari ya makumbusho ya Ulaya. Kuni hukusanywa, na kodi hukusanywa. Kilichochukuliwa mbele ya bunduki kina jina lake katika Kiswahili, na mwanafunzi anayejifunza neno la kistaarabu la Kiingereza bila ya kulijua jina hilo amefundishwa kuficha.

Hali ni hiyo hiyo katika masimulizi. Wafipa husimulia juu ya Milansi, makao ya watawala wao wa kwanza, na juu ya wanawake watatu wageni waliofika mtawala akiwa mawindoni, wakautwaa utawala. Roy Willis aliyakusanya masimulizi hayo na kuyachambua kwa heshima katika kitabu chake cha mwaka 1981, akionyesha jinsi yanavyoeleza kuzaliwa kwa dola. Lakini katika madaftari ya shule masimulizi yetu huwekwa chini ya neno linalomaanisha jambo lisilo la kweli, na ya Warumi kuhusu mbwa mwitu na watoto pacha huwekwa katika sura ya kuanzishwa kwa Roma.

Sasa nina jambo la kusema dhidi ya upande wangu mwenyewe. Sisi tunaokitetea Kiswahili tumekuwa wepesi mno kukitumia kuvizima vilugha vya mikoani, tukidhani ndivyo taifa linavyojengwa. Neno tanuri ni zuri, lakini tanuri huoka mkate na tanuu huchoma chokaa. Wala halimwambii msikilizaji lolote juu ya kimo, juu ya hewa, wala juu ya bi harusi. Ilungu lamwambia. Kama tutamwondolea mtoto neno la Kiingereza na kumpa tanuri peke yake, tutakuwa tumempunja mara ya pili. Na iandikwe ilungu katika kitabu cha Kiswahili, isomwe Tanga na Pemba, kama vile sisi wa bara tulivyojifunza jahazi na ngalawa kabla hatujaiona bahari. Wakati unatuhimiza. Wale walioliona ilungu likiwaka wamekwisha kufa, na wanaokumbuka majina ya sehemu zake kutoka kwa wazazi wao wanazidi kupungua. Walimu wa Rukwa wanaweza kuanza bila ya kungoja waraka: wampeleke mtoto kwa mzee na daftari, aulize jina la kila kitu kabla hajauliza tarehe yake.

Bonge la yule kijana wa Izia sasa lipo dirishani mwa darasa letu. Tulilibandikia karatasi iliyoandikwa na mwanafunzi mwenyewe: "Mavi ya chuma. Ufipa." Mgeni mmoja aliyekuja kukagua shule alisimama mbele yake kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama hatungeweza kupata neno lenye heshima zaidi.