Mlango wa Zanzibar hauuliwi na mashine ya MDF

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa, zamu za usiku zimenibana kweli kweli. Leo sina habari za viza, za mshahara wala za joto la Omani. Leo nina ugomvi, na naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjanirukia.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mie ni nesi, mtoto wa Unguja, na naishi Al Mintirib, mji mkuu wa wilaya ya Bidiya, Sharqiyah Kaskazini, pale barabara inapoanza kuingia kwenye mchanga wa Wahiba. Ni mji wa ngome ya zamani, mitende na wazee ambao ukiwasalimia kwa Kiarabu wanakujibu kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu. Katika chumba cha stoo cha nyumba niliyopanga nimetengeneza mashine ya CNC ya kuchonga mbao, yaani rauta inayoendeshwa na kompyuta. Mwili wake wote ni ubao wa MDF. Nilipoituma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp, moto ukawaka.

Ami yangu, fundi wa milango ya kuchonga huko Ng'ambo kwa zaidi ya miaka 40, kasema nimekuja kumzika naye bado yu hai. Wazee wa baraza hapa Bidiya wamesema mashine ndiyo itakayoimaliza sanaa ya mlango wa Zanzibar. Vijana wenzangu wamecheka, eti MDF si mbao, hicho ni kitu cha kuchezea watoto. Na wapo walioniuliza, nesi na useremala wapi na wapi? Tuma pesa, wengine wafanye kazi!

Haya. Naanza na huyu wa mwisho kwa sababu ndiye rahisi.

Wodini tuna pampu ya sindano. Unaweka bomba la sindano lenye dawa, unaandika mililita ngapi kwa saa, unabonyeza, nayo inasukuma taratibu usiku kucha. Ifungue ndani utakuta nini? Katika nyingi ya pampu hizo utakuta mota ya stepa, inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo zilizohesabiwa, imeshikana na skrubu ndefu. Skrubu ikizunguka, kisukumio kinakwenda mbele. Basi! Mashine yangu ni hiyo hiyo mara tatu: moja mbele na nyuma, moja kulia na kushoto, moja juu na chini, na mahali pa sindano pana biti ya kukata. Mota yangu inagawa mzunguko mmoja hatua 200. Nondo yenye nyuzi ya M8 inasogea milimita 1.25 kwa kila mzunguko. Driva zikigawa kila hatua mara 8, unapata hatua 1,280 kwa milimita moja. Hesabu hii haina tofauti kubwa na ile ya matone tuliyofundishwa chuoni, kwamba lita moja kwa saa 8, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ni kiasi cha matone 42 kwa dakika. Sasa niambieni, nesi na mashine hii wapi na wapi? Ni hapo hapo.

Na hapo hapo pana jibu la pili. Zamani nesi alisimama na saa yake akahesabu matone. Ikaja pampu. Je, unesi umekufa? Pampu haijui kama mgonjwa amebadilika rangi. Haijui kama mkono umevimba pale sindano ilipoingia. Pampu inasukuma tu, hata ikiwa inasukuma mahali pasipo sawa. Anayejua ni nesi. Mashine ilichukua kazi ya kuhesabu, ikatuachia kazi ya kuangalia, na kuangalia ndiko unesi wenyewe.

Sasa nije kwa wanaocheka MDF. Mna haki nusu. MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa zikagandamizwa na gundi. Ubao mzima wa milimita 18, futi 4 kwa 8, una uzito wa karibu kilo 40, nimeubeba na fundi wa Kibangladeshi wa kule sanaiya nikajua kweli ni kilo 40. Haupendi maji, ukinyonya unyevu unavimba kingo kama mkate uliodondokea chaini. Hapa Al Mintirib hewa kavu haina neno, lakini Unguja wakati wa masika ni habari nyingine, ndiyo maana kila kipande changu kimepigwa vanishi pande zote, kingo mara tatu. Tena msidanganyike na zile hatua 1,280. MDF inapinda ikisukumwa, nondo ya M8 inacheza ndani ya nati, kwa hiyo usahihi wa kweli uko mbali na hesabu ya karatasini. Ukitaka kukata mbao ngumu unakwenda milimita moja moja, pole pole, unakunywa chai.

Lakini mnajua kwa nini ni MDF? Kwa sababu iko sawa pande zote, haina jicho wala haipindi kama ubao wa mti uliokatwa jana, na inakatika kwa msumeno wa kawaida. Inapatikana Ibra, inapatikana Maskati, inapatikana Darajani. Beringi zangu ni zile za viatu vya magurudumu. Kinachosoma michoro ni kibao cha Arduino, kilichoanzia Italia 2005, na programu iitwayo Grbl, iliyoanza 2009, ya bure, haina ada ya leseni. Mashine ya namna hii ilipooneshwa kwa mara ya kwanza Marekani, pale MIT, mwaka 1952, ilikuwa dubwana linalosoma utepe wa karatasi wenye matundu. Leo nesi anaijenga stoo. Mwaka 2013 kijana wa Togo, Kodjo Afate Gnikou, alijenga printa ya kuchapa vitu vya plastiki mjini Lomé kwa vipuri vya taka za kompyuta na skana. Naye nafikiri walikuwepo wa kumcheka. Mashine ya kwanza haitakiwi iwe nzuri, inatakiwa iwe yako, ujue kila skrubu yake, ili ya pili uijenge kwa mbao ngumu na ya tatu kwa chuma. Ukinunua iliyokamilika kutoka nje, siku ikifa unakaa unaitazama kama maiti.

Sasa nije kwa wazee, na hapa napunguza sauti.

Shikamoo Ami. Shikamooni wazee wangu wa Bidiya. Mnasema mashine itaua mlango wa Zanzibar. Mie nawauliza kwa adabu, huo mlango ulizaliwa vipi? Ule wa kizingiti cha juu kilichonyooka tunaunasibisha na Waarabu, ule wa tao tunaunasibisha na Wahindi. Msaji ulikuja kwa jahazi kutoka India. Misumari ya shaba ina asili yake kwao huko. Samaki, mnyororo, mtende na yungiyungi vimekutana kwenye ubao mmoja kwa sababu mafundi wetu hawakuogopa kitu cha mgeni, walikichukua wakakifanya chao. Beit al Ajaib aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 ina milango ya kuchonga yenye aya, na jengo hilo hilo lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo Afrika Mashariki kupata umeme na lifti. Lifti haikuidhuru milango. Kilichotokea tarehe 25 Desemba 2020 mnakijua, upande mmoja wa jengo uliporomoka mchana kweupe, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lilikuwa limechakaa kwa miaka mingi. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na orodha peke yake haikuuzuia ukuta usianguke.

Kinachoiua sanaa ya mlango ni kitu tunachokijua sote ila tunaona haya kukisema. Fundi anakaa miezi na mlango mmoja. Mteja anakuja anataka punguzo. Mti mzuri hauonekani, mbambakofi imekuwa ya kusikia, anatumia mfenesi. Wanafunzi wanamkimbia. Kwa Ami walibaki watatu, sasa amebaki mmoja tu, mdogo wangu wa tumbo moja, naye ameshaanza kuniuliza kama huku Omani kuna kazi ya udereva! Kijana anayejua kuchonga mfaa wa mlango kwa patasi anataka kuja kuendesha gari la maji jangwani. Akiondoka huyo, Ami atabaki na patasi zake na hakuna wa kumrithi. Hapo mashine haijafika hata bandarini. Nani muuaji?

Na msidhani kwamba tukiikataa sie, haitakuja. Ingieni maduka ya milango huku Ghuba mwone milango iliyochongwa kwa mashine, maua yote sawasawa kama yamepigwa muhuri. Mashine hizo zipo viwandani Uchina na India usiku na mchana. Kwa hiyo suala la kama mashine itachonga lilishapita zamani. Lililobaki ni nani atakuwa mwenye mashine, na faida italala mfuko wa nani. Mie nataka ilale Ng'ambo.

Tena Ami, nakuambia siri ambayo wauza mashine hawaisemi. Biti ya kawaida ni ya mviringo, kwa hiyo kila pembe ya ndani inaiacha ya duara. Biti inashuka kutoka juu tu, haiwezi kuingia chini ya jani la ua ikalinyanyua kama unavyolinyanyua wewe. Haioni mti unakwenda upande gani, ikikuta nyuzi zimegeuka inachana. Inachoweza ni kuondoa mbao za chini, ile kazi ya siku nyingi ya kugonga na kugonga ambayo imekuharibu bega. Nimekuona usiku unavyopakwa dawa. Iachie mashine ile punda kazi, wewe chukua patasi umalize pembe, unyanyue majani, utie uhai. Mdogo wangu atapata milango mingi zaidi kwa mwaka, na atakuwa na sababu ya kubaki.

Lakini nina masharti, na hapa nawageukia nyie mnaoshangilia mashine. Kwanza, mlango uliopita kwenye mashine uandikwe hivyo, mteja aambiwe. Anayeuza kazi ya mashine kwa jina la kazi ya mkono ni mwizi, sina neno jingine. Pili, nakshi za Ami ni mali ya Ami. Ukizichora kwenye kompyuta, kila mlango unaotoka na nakshi yake apate fungu lake, awe ameshika patasi siku hiyo au amelala na homa.

Tatu, na hili nalisema kwa sare yangu ya kazi: vumbi! Naona video za vijana wanakata MDF chumbani, dirisha limefungwa, kitambaa puani, mtoto anapita. Jamani. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliweka vumbi la mbao kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995, na mwaka 2004 likaamua hivyo hivyo kuhusu formaldihaidi. Gundi inayotumika sana kwenye MDF ina hiyo formaldihaidi. Ni ile ile ya formalini tunayotumbukizia kipande cha nyama cha mgonjwa kabla ya kukipeleka maabara. Vumbi lake ni laini kama poda, linakaa hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Kitambaa hakisaidii. Vaa barakoa ya N95 inayobana uso, weka mashine ya kufyonza vumbi pale pale penye biti, fungua madirisha maana barakoa ya vumbi haizuii gesi, na usifagie kwa ufagio mkavu. Mashine yangu niliifunga bomba la kufyonza kabla sijafunga biti. Fundi anayesema vumbi limezoea pua yake, mie nimewahudumia wa namna yake, pua haizoei.

Gharama? Vyote pamoja havikufika rial 150, na rial moja ni kiasi cha dola 2.6. Piga hesabu ulinganishe na tiketi, viza na mkopo wa kumleta kijana mmoja huku kuja kuosha magari.

Likizo yangu ijayo nitaifungua mashine vipande, niisafirishe Unguja, niiweke mbele ya karakana ya Ami. Akitaka aipige teke, ni MDF, itavunjika, na mie nitambusu mkono kama kawaida. Lakini kabla ya kuipiga teke amtazame mdogo wangu usoni amwambie atakula nini. Na nyie wazee wa baraza mnaoililia sanaa mkiwa mmekaa kwenye nyumba za milango ya alumini, agizeni basi mlango mmoja kwa Ami, kwa bei yake, bila punguzo. Siku hiyo nitawasikiliza vizuri zaidi.

Naomba kutoa hoja. Tuonane tena zamu za usiku zikipungua, inshaallah.