Mshenga Hadai Bibi Harusi

Wasee, leo sina udaku. Leo tunaongea kuhusu kitu ambacho hakitrendi kamwe lakini kiko mfukoni mwako saa hii: hataza. Ile haki ya kisheria inayosema, "Huu uvumbuzi ni wa huyu, na kwa miaka 20 hakuna mwingine anaruhusiwa kuutengeneza, kuuza wala kuutumia kibiashara bila ruhusa yake."

Msimamo wangu nausema mapema ili tusisumbuane. Seva ambayo kazi yake ni kupokea setingi kutoka kifaa kimoja na kuzipeleka kwa kingine haistahili hataza. Seva kama hiyo ni mshenga. Inabeba ujumbe wa huku, inaupeleka kule, inarudi na jibu. Kazi nzuri, tunaishukuru, tunaipa soda. Lakini tangu lini mshenga akadai bibi harusi?

Kama unajiuliza naongelea nini, fikiria simu mpya. Unaingia na akaunti yako, na ghafla lugha ni ileile, picha ya ukutani ni ileile, hata nenosiri la waifai ya nyumbani limefika lenyewe. Au uko kitandani, unapunguza sauti ya spika iliyo sebuleni kwa simu. Katikati kuna kompyuta imefanya mambo matatu: imepokea, imehifadhi, imepeleka. Basi. Ni kama kumpa kondakta wa matatu mzigo wa kupeleka Nakuru: unaandika jina na namba ya simu, anaweka chini ya kiti, mwenyewe anauchukua stegini. Kuna mtu angekubali kampuni moja imiliki wazo la kutuma mzigo kwa matatu kwa miaka 20?

Wakenya sisi tumeshawahi kuwa hiyo seva. Kwani mmesahau 2024? Mita zote za umeme za tokeni zilihitaji kubadilishiwa setingi kabla ya tarehe 24 Novemba, la sivyo zingekataa tokeni mpya. Ukinunua stima unaletewa namba tatu ndefu, kila moja tarakimu 20. Mbili za kwanza zilikuwa za kusasisha mita, ya tatu ndiyo umeme wenyewe. Nyanya zetu vijijini walisimama mbele ya mita na miwani, wakibonyeza namba moja moja. Setingi zilitoka kwenye kompyuta ya kampuni, zikapita kwa simu, zikapita kwa kidole cha nyanya, zikaingia kwenye mita. Na iliwezekana kwa mita za watengenezaji tofauti kwa sababu zote zinafuata kanuni moja ya pamoja, inayoitwa STS, iliyoanzia Afrika Kusini. Watu walikaa chini wakakubaliana lugha moja ya kuongea na mita. Hivyo ndivyo vifaa vinatakiwa kuongea.

Sasa twende kwa mkaguzi wa hataza, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibikia.

Ukiomba hataza, karibu nchi yoyote, mkaguzi anatakiwa kujiuliza maswali matatu. Moja, hii kitu ni mpya? Mbili, ina hatua ya uvumbuzi, yaani fundi wa kawaida wa fani hiyo asingeifikia kirahisi? Tatu, inaweza kutumika viwandani? Halafu kuna swali linalotangulia yote: hiki ni kitu kinachoweza kuitwa uvumbuzi hata kidogo? Mkataba wa hataza wa Ulaya unasema programu ya kompyuta peke yake si uvumbuzi. Sheria yetu ya Mali ya Viwanda ya 2001 nayo inaondoa mbinu za kihesabu na taratibu za kufanya biashara.

Kwa karatasi inaonekana safi. Shida ni lugha. Wakili hawezi kuandika "tunatuma setingi." Ataandika hivi (hii nimeitunga mwenyewe, lakini ukizoea kusoma maombi ya hataza utaitambua sauti): "Mfumo unaojumuisha kifaa cha kwanza kilichounganishwa na mtandao, kifaa cha pili kilichounganishwa na mtandao, na seva iliyosanidiwa kupokea kutoka kifaa cha kwanza taarifa ya usanidi, kuhusisha taarifa hiyo na kitambulisho cha mtumiaji, na kuiwasilisha kwa kifaa cha pili."

Umesoma? Umechoka? Hiyo yote ni "tuma setingi."

Mkaguzi akisema hii ilikuwepo zamani, wakili anarudi na nyongeza: "ambapo kifaa cha pili ni friji." Akikataliwa tena, anaongeza: "ambapo taarifa hutumwa mtumiaji anapokaribia friji." Kila kipande ni cha kawaida, lakini vikishonwa pamoja huenda mkaguzi asipate karatasi moja ya zamani yenye vipande vyote. Na mkaguzi hana mwezi mzima wa kuchimba. Marekani wastani unaotajwa ni takriban saa 19 kwa ombi zima, kusoma, kutafuta na kujibu. Wakili ana miaka, mkaguzi ana siku mbili na nusu za kazi. Nani atachoka kwanza?

Mnataka mfano halisi? Sonos dhidi ya Google.

Sonos ni kampuni ya California ya spika za nyumbani, ilianza 2002. Januari 2020 ikaishtaki Google. Januari 2022, Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani ikaamua Google imekiuka hataza tano za Sonos. Moja ilihusu kupandisha na kushusha sauti ya kundi la spika kwa pamoja. Nyingine ilihusu kuingiza kifaa kipya kwenye mtandao wa nyumbani. Google ikawatangazia wateja kwamba sasa utapunguza sauti spika moja moja, na kitufe cha sauti cha simu hakitafanya kazi kwa kundi zima. Yaani mtu alinunua spika, akalipa pesa yake yote, akaenda nayo nyumbani, halafu kitu kilichokuwa kinafanya kazi Jumatatu kikaondolewa kupitia intaneti. Hakuna aliyebisha hodi. Makampuni mawili yamegombana, na aliyepoteza ni wewe uliyekaa kwa kochi.

Ngoja, haijaisha. Kulikuwa na kesi nyingine San Francisco, kuhusu kuhifadhi makundi ya spika. Mfano: kundi la "asubuhi" lina spika ya jikoni na ya chumbani, kundi la "sherehe" lina ya jikoni na ya sebuleni, kwa hiyo spika ya jikoni iko kwa makundi mawili. Hiyo ndiyo ilikuwa vita. Mei 2023 baraza la mahakama likasema Google ilipe dola milioni 32.5, hesabu ya dola 2.30 kwa kila kifaa, vifaa zaidi ya milioni 14. Oktoba mwaka uohuo Jaji William Alsup akaitupa. Kwa nini? Ombi la kwanza la Sonos lilikuwa la 2006, lakini madai yale mahususi ya spika kuwa kwa makundi mawili yaliletwa 2019, wakati Google tayari ilikuwa inauza bidhaa zake tangu 2015. Kisha Agosti 2025 mahakama ya rufaa ikampindua Alsup, ikasema Google haikuthibitisha kwamba huo ucheleweshaji uliiumiza kisheria.

Mimi si wakili, na majaji wa rufaa wametumia sheria iliyopo. Lakini hiyo sheria iliyopo ndiyo naishambulia. Inaruhusu ombi la 2006 liwekwe hai, litoe vitoto mwaka baada ya mwaka, na 2019 kizaliwe kitoto kimoja kinachofanana sana na bidhaa ambayo jirani alishaanza kuuza. Kwetu tunaita hiyo kuhamisha goli mpira ukiwa hewani.

Najua mtu ameshaanza kuandika komenti: "Lakini Sonos ndio wadogo, Google ndio majitu! Hataza si ndiyo silaha ya mnyonge?"

Poa, hoja yako ina uzito na siikimbii. Kampuni kubwa huiba, hilo sibishi. Na Sonos walifanya kazi ngumu ya kweli. Kucheza wimbo mmoja kwa spika nne vyumba vinne bila mwangwi si mchezo: kila kifaa kina saa yake ya ndani, kila saa inapotoka kidogo kidogo, na mtandao unachelewesha data vile unataka. Sikio lako linagundua tofauti ndogo sana. Kutatua hiyo ni uvumbuzi. Wape hataza, wape miaka yao 20, mimi nitapiga makofi.

Lakini kulipa kundi jina, kulihifadhi, kulituma kwa spika? Hiyo ni orodha. Mama yangu ana orodha ya chama na orodha ya kanisa, na shangazi yuko kwa zote mbili. Hatujawahi kumwomba mtu ruhusa.

Ndiyo maana nasema mkaguzi aongeze swali moja la mtaani juu ya maswali yake rasmi: ondoa seva hapo katikati, weka karani mwenye daftari na baiskeli. Je, wazo limebaki lilelile, isipokuwa linaenda polepole? Kama ndiyo, hakuna uvumbuzi, kuna haraka tu, na hiyo haraka ni ya kompyuta, si ya mwombaji. Lakini kama karani hawezi kabisa, kwa sababu kuna tatizo la saa, la usalama, la mawimbi au la betri ambalo ombi limelitatua kwa njia mpya, hapo tuongee.

Na si mimi wa kwanza kuwaza hivi. Juni 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa, iliamua kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank. Alice walikuwa na hataza za kompyuta inayokaa katikati ya pande mbili na kuhakikisha kila upande umetimiza malipo yake. Mshenga kabisa! Mahakama ikasema kuchukua wazo la zamani na kulitia kwa kompyuta ya kawaida hakulifanyi uvumbuzi. Kabla ya hapo, 1999, Amazon ilipewa hataza ya kununua kwa mbonyezo mmoja: seva inakumbuka anwani na kadi yako, unabonyeza mara moja, imeisha. Wakaishtaki Barnes & Noble, ambao walilazimika kuongeza mbonyezo wa pili kwa muda. Fikiria mainjinia watu wazima wanalipwa kuifanya tovuti iwe mbaya zaidi, kwa makusudi, ili wasishtakiwe.

Sasa mbona mimi, kijana wa Nairobi, najali? Kwa sababu hii ndiyo kazi yetu kesho. M-KOPA imeuza sola za kulipa pole pole tangu 2012: unalipa kwa M-Pesa, seva inatuma ujumbe, kisanduku kinafunguka. Angalia karibu nawe. Kuna msee Kasarani anajaribu sensa ya tangi la maji. Kuna dada Eldoret anataka pampu ya shamba iwashwe kwa simu. Wote wanafanya kitu kilekile: setingi kutoka hapa kwenda pale. Siku ofisi ya hataza ikimpa mtu mmoja ile njia ya katikati, hawa wote watakuwa wapangaji kwa nyumba waliyojenga wenyewe. Na hawataweza kupigana. Google ina mawakili wa miaka mitano mfululizo. Msee wa Kasarani ana laptopu na deni la Fuliza.

Kwa hivyo, mambo matatu. Kwanza, kama umetengeneza kitu ambacho hutaki kukimiliki lakini pia hutaki mwingine akimiliki, kichapishe. Kiweke hadharani chenye tarehe, eleza kinavyofanya kazi hatua kwa hatua. Kitu kilichokwisha kuonekana na umma si kipya tena kwa anayekuja baadaye. Pili, KIPI wako hapo South C. Ni taasisi ya umma. Maombi huchapishwa, na hataza mbovu inaweza kupelekwa mbele ya baraza la mali ya viwanda ifutwe. Madevelopa, mnajua kusoma nyaraka ngumu kuliko wengi, someni na hizi. Tatu, kwa wakaguzi wenyewe: mwombaji akikuletea kurasa 40 za "iliyosanidiwa" na "inayojumuisha", mwambie aseme kwa sentensi moja ni tatizo gani la kiufundi lilikuwa limewashinda watu kabla yake. Akishindwa, mrudishie karatasi zake kwa heshima.

Mshenga alipwe nauli. Ale pilau, apewe hata kiti cha mbele. Bibi harusi ana mwenyewe.

Unabisha? Komenti ziko wazi. Lakini ukija, njoo na jibu la karani na baiskeli.