Damu ya Wenyeji wa Siberia Yasimulia Nini?

NDUGU msomaji, ukiitandaza ramani ya dunia mezani, kisha ukayapeleka macho yako kutoka milima ya Ural kuelekea mashariki hadi Bahari ya Pasifiki, utakuwa umeivuka nchi iitwayo Siberia. Ni sehemu ya Urusi, na ukubwa wake ni kilometa za mraba zipatazo milioni 13, yaani karibu mara 14 ya Tanzania. Baridi yake haina mfano. Mwaka 1892, katika mji mdogo wa Verkhoyansk, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 67.8 chini ya sifuri.

Wengi wetu hudhani kwamba nchi ya namna hiyo haikuwa na wenyewe mpaka Warusi walipofika. La hasha! Wapo Wasakha, ambao Warusi huwaita Wayakuti, na wapo Waburyati. Kila moja ya makabila haya mawili lina watu wanaokaribia nusu milioni. Wapo pia Wanentsi, Waevenki, Wakhanti, Wamansi, Watuva, Wachukchi, Wakoryaki, Wayukagiri, Waketi, Wanganasani na wengineo. Serikali ya Urusi inayatambua makabila madogo 40 ya Kaskazini, Siberia na Mashariki ya Mbali, kila moja likiwa na watu wasiozidi 50,000. Wanganasani, katika hesabu ya watu ya mwaka 2010, hawakutimia hata 900.

Je, watu hawa wametoka wapi? Na je, wote ni wa asili moja? Maswali hayo ndiyo tutakayoyazungumza leo.

Urithi wa mama na urithi wa baba

Kwanza yatupasa tufahamu jinsi nasaba inavyosomwa mwilini. Kila mmoja wetu amepewa na wazazi wake wawili maagizo ya urithi, ambayo wataalamu huyaita vinasaba. Sehemu kubwa ya maagizo hayo huchanganywa upya kila mtoto anapotungwa. Lakini ziko sehemu mbili zisizochanganywa. Moja imo katika mitokondria, nayo hutoka kwa mama peke yake. Mama huwapa watoto wake wote, ila ni binti tu awezaye kuiendeleza. Ya pili ni kromosomu iitwayo Y, ambayo baba humwachia mwanawe wa kiume. Hivyo basi, mtaalamu akiisoma ya kwanza huufuata ukoo wa akina mama, na akiisoma ya pili huufuata ukoo wa akina baba, kizazi baada ya kizazi.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa hata katika mifupa na meno ya watu waliokufa zamani sana. Baridi kali ya Siberia, inayomtesa aliye hai, humhifadhi vema aliyekwisha kufa.

Mtoto wa Mal'ta

Karibu na ziwa Baikal kiko kijiji kiitwacho Mal'ta. Huko, kuanzia mwaka 1928, mtaalamu Mikhail Gerasimov alifukua makazi ya wawindaji wa kale. Miongoni mwa aliyoyapata lilikuwamo kaburi la mtoto wa miaka mitatu au minne, aliyezikwa na mapambo ya pembe za mamothi, yule ndovu wa kale mwenye manyoya marefu. Mtoto huyo alifariki yapata miaka 24,000 iliyopita. Wazazi wake walimlilia, wakamvika shanga, wakamlaza.

Mwaka 2013 vinasaba vyake vilitangazwa, na wataalamu wakapigwa na bumbuwazi. Mtoto huyu wa mashariki ya Siberia hakuwa na udugu wa karibu na watu wa China au Japani. Alikuwa na udugu na Wazungu wa Ulaya na Wahindi Wekundu wa Marekani! Ilikadiriwa kwamba kati ya asilimia 14 na 38 ya asili ya wenyeji wa Marekani ilitoka kwa watu wa jamii yake. Sehemu iliyobaki ilitoka kwa watu wa Asia ya Mashariki, ambao damu yao ilikutana na ya jamii hiyo huko kaskazini. Wazao wao walivuka kwenda Marekani wakati wa zama za barafu, pale bahari ilipokuwa imeshuka kwa zaidi ya meta 100 na nchi kavu ikaziunganisha Siberia na Alaska.

Si hayo tu. Kwenye mto Yana, kaskazini kabisa, yalipatikana meno mawili ya utotoni ya watoto wawili wa kiume walioishi yapata miaka 31,600 iliyopita. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba nao walikuwa wa jamii ya kale iliyo karibu na ile ya mtoto wa Mal'ta.

Wenyeji juu ya wenyeji

Sasa msomaji huenda ukasema: basi watu wa Siberia wa leo ni wajukuu wa mtoto wa Mal'ta. Jambo lenyewe si rahisi hivyo. Jamii ile ya kwanza ilifuatwa na nyingine yenye asili kubwa ya Asia ya Mashariki. Mtu mmoja wa jamii hiyo ya pili, aliyeishi karibu na mto Kolyma yapata miaka 9,800 iliyopita, ana undugu wa karibu sana na wenyeji wa Marekani. Kisha, katika maelfu ya miaka iliyofuata, wakaja watu wengine kutoka kusini, wakachanganyika na waliowakuta, na katika sehemu nyingi wakawazidi kwa wingi. Hao wa mwisho ndio asili kubwa ya wenyeji wengi wa leo. Aidha, wako waliorudi kutoka upande wa Marekani wakaacha damu yao kwa Wachukchi. Kumbe mlango ule ulikuwa ukifunguka pande zote mbili.

Waketi wa mto Yenisei ni mfano mzuri. Wao ni kabila dogo la watu wapatao elfu moja na mia mbili kwa hesabu ya mwaka 2010, na ni miongoni mwa wale waliobaki na sehemu kubwa ya urithi wa jamii ya mtoto wa Mal'ta. Wanaume wao walio wengi, zaidi ya tisa kwa kila kumi, wana ukoo wa baba uitwao Q, ambao ndio ukoo mkuu wa wanaume wenyeji wa Marekani.

Wasakha nao wana kisa chao. Lugha yao ni ya jamii ya Kituruki, na wazee wao walihama kutoka pande za ziwa Baikal, wakafuata mto Lena kwenda kaskazini pamoja na farasi wao. Zaidi ya wanaume wanane kwa kila kumi wana ukoo mmoja wa baba, uitwao N, ilhali koo za akina mama ni nyingi. Maana yake ni kwamba akina baba waanzilishi walikuwa wachache.

Chukua gunia la maharage ya rangi nyingi. Chota kikombe kimoja. Rangi nyingine zitabaki guniani. Kutoka katika kikombe hicho chota kijiko. Rangi zitapungua tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwanadamu. Gunia lenyewe ni Afrika, alikoanzia binadamu, na mpaka leo tofauti za vinasaba ni nyingi zaidi kwetu kuliko mahali pengine popote duniani. Kadiri vikundi vidogo vilivyoendelea kuhama, ndivyo rangi zilivyozidi kupungua, mpaka kuwafikia watu wachache kama Wanganasani.

Mafuta ya sili na mtoto mchanga

Nchi ngumu nayo huacha alama yake mwilini. Kwa Wachukchi, Wakoryaki na jirani zao wa pwani, ambao kwa vizazi vingi walikula nyama na mafuta ya sili na nyangumi, kuna badiliko katika jeni iitwayo CPT1A, inayosimamia jinsi mwili unavyoyageuza mafuta kuwa nguvu. Badiliko hilo limeenea sana huko, jambo linaloonyesha kwamba liliwafaa wazee wao. Lakini huko Alaska na Kanada, ambako watu wa jamii ya Inuit wanalo pia, waganga wameona kwamba mtoto mchanga mwenye badiliko hilo akikaa muda mrefu bila kunyonya, hasa akiwa mgonjwa, sukari ya mwili wake yaweza kushuka kwa hatari. Kwa hiyo akina mama wa huko hushauriwa wasimwache mtoto na njaa. Urithi uliomfaa babu waweza kumdhuru mjukuu kama hautambuliwi.

Kilichopotea na kilichobaki

Mwaka 1582 wapiganaji wa Yermak walianza kuishambulia Siberia ya magharibi. Kufikia mwaka 1639 Warusi walikuwa wameiona Bahari ya Pasifiki. Kila walipopita, wenyeji walitozwa kodi ya ngozi za manyoya. Ugonjwa wa ndui ukaja nyuma yao, ukawamaliza watu ambao miili yao haikuufahamu. Makabila mengine, kama Wayukagiri, yakapungua mno. Mengine yakamezwa na jirani zao.

Katika miaka ya 1840 mtaalamu wa lugha kutoka Finland, Matthias Castrén, aliwafikia Wakotti, ndugu wa Waketi kwa lugha. Aliwakuta watu watano tu waliokuwa wakiisema. Leo hakuna hata mmoja. Lakini tusiseme kwamba Wakotti walikufa wote; waliooana na majirani waliacha watoto, na watoto wakaacha wajukuu. Damu yao ingali inatembea, ila haijui jina lake. Waketi nao wamo katika hatari hiyo hiyo. Katika karne iliyopita watoto wengi wa kaskazini walichukuliwa kwenda shule za bweni za Kirusi, wakarudi nyumbani wakiwa hawawezi kuzungumza na bibi zao.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye fundisho. Kuna watu duniani wanaojisifu kwamba kabila lao au rangi yao ni safi, haijachanganyika. Siberia yawakanusha. Katika pango la Denisova, kwenye milima ya Altai, ulipatikana mfupa wa msichana aliyeishi miaka ipatayo 90,000 iliyopita. Mwaka 2018 ikabainika kwamba mama yake alikuwa wa aina ya binadamu wa kale waitwao Neanderthal, na baba yake wa aina nyingine kabisa. Ikiwa hao walizaa pamoja, nani leo atadai usafi wa damu?

Damu, basi, hujitunza yenyewe. Hupita kimya kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, hata kama hakuna aijuaye. Lugha, jina na habari za wazee havipiti hivyo. Vyataka kinywa cha kusema na sikio la kusikia. Waburyati walikuwa na desturi ya kumfundisha mtoto majina ya babu zake wa vizazi saba, ili ajue ametoka wapi na asije akamwoa ndugu yake. Hakuna maabara iwezayo kuifanya kazi hiyo badala ya mzazi.

Jumapili ya leo, baada ya chakula, waulize watoto wako: babu yenu mzaa babu aliitwa nani? Na bibi yenu mzaa bibi? Wakinyamaza, usiwakemee. Wasimulie.