Mti Si Mahabusu, Legeza Kamba

Wanangu wa Likoni na kwingineko, leo hakuna stori ya feri. Leo ni miti. Usipite, dakika mbili tu.

Upepo wa kusi ukianza, mwezi wa nne hivi, masika inalainisha mchanga wetu halafu upepo unamalizia. Ukipita Shika Adabu asubuhi unaona mivinje na miarobaini michanga imelala upande kama abiria aliyepitiwa na usingizi kwenye matatu. Hapo mtaa unagawanyika. Timu panga: kata, utaangukia mabati. Timu waya: funga kwa ukuta, kaza, sahau. Mimi naona zote zinaua mti, tofauti ni kasi tu.

Nianze na waya, maana ndio wanaojiona werevu. Chakula cha mti hushuka kutoka majani kwenda mizizi kupitia ndani ya gome. Shina linanenepa, waya haunenepi. Unazama kwenye gome, mizizi inalala njaa. Tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, ikate ukanda mpana, ufunge mti kwa kigingi kilicho mbali kidogo na shina, halafu uache uchezecheze.

Ndio, uchezecheze. Hapa ndipo watu hunibishia. (Sina digrii, chuo niliacha, lakini mti hauulizi cheti.) Kule Arizona, Marekani, kuna jengo la vioo linaitwa Biosphere 2. Mwaka 1991 watu 8 walijifungia humo kwa miaka 2. Miti ya ndani ilikua, lakini mingi ikawa dhaifu, maana humo hakukuwa na upepo wa kuitikisa. Kutikiswa ndiko kunakokaza shina na mizizi. Ukiubana mti usipumue, unalea mgonjwa. Mwaka ukiisha, ng'oa kigingi chako.

Kuunyoosha kwenyewe si kazi ya nguvu. Ngoja ardhi ilowe. Legeza udongo kuzunguka mizizi, hasa pale ilipoinuka, ipate pa kurudi. Vuteni pole pole, watu wawili, na msinifungie kamba kwa bodaboda tafadhali. Shindilia kwa mguu, mwaga maji. Ukigoma leo, ongeza kidogo wiki ijayo.

Timu panga nawapa haki kwa jambo moja: mti mkubwa ulioinama ghafla, na ardhi nyuma yake imepasuka, usiuguse. Ondoa watoto, mwite mtu wa kazi hiyo. Lakini mti ulioinama miaka yote huku kilele chake kimerudi juu, huo umeshajipanga. Nani aliwahi kunyoosha mnazi?

Na mvinje msiudharau. Mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya simenti ya Bamburi, mvinje ulikuwa kati ya michache iliyokubali pale kwenye jiwe tupu. Utashindwaje kwa mchanga wa Likoni, ukishikwa mkono?

Nasema haya kwa sababu wapangaji wenzangu wamekubaliana mvinje wa nyuma ya ploti yetu ukatwe Jumamosi. Ndio kivuli pekee tulicho nacho, mama wa mahamri anauzia pale. Shina lake nalizungushia viganja viwili vikakutana, kwa hivyo bado mdogo, bado unakunjika. Ijumaa baada ya alasiri nitakuwa pale na jembe, kigingi na tyubu mbili. Nahitaji mtu wa kushika kamba. Soda juu yangu.