Bibi Asiyejua Kusoma Ashike Kitabu

Pemba kuna dhana ambayo hata baadhi ya walimu huikariri: kitabu ni cha anayejua kusoma. Mtoto wa miaka 3 hajui, basi cha nini? Atakichana. Bibi yake naye hajui, basi akae pembeni angoje mjukuu apelekwe skuli ya maandalizi, akafundishwe na mwenye kazi yake. Ukiisikia, dhana hii ina sura ya busara, na ndiyo maana imedumu. Lakini ni ya uongo, na wanaoumia ni watoto wa nyumba zisizo na msomi hata mmoja.

Kwa mtoto wa umri huo, maandishi ni kitu cha mwisho. Tuseme bibi wa Kojani amefungua ukurasa wenye dau, mvuvi na kapu. “Nani huyu?” anauliza. “Baba.” “Kenda wapi?” “Dago.” “Kapata nini?” Mtoto anainamia picha, anaweka kidole: “Samaki.” “Samaki gani?” Hapo anakwama. Bibi anampa jina, changu, mtoto analirudia, kisha yeye ndiye anayeuliza: mbona macho yamemtoka? Mistari iliyo chini ya picha haijaguswa, wala hakuna aliyeihitaji. Neno jipya limeingia, na mtoto ameuliza swali lake mwenyewe.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1988 Mmarekani Grover Whitehurst na wenzake walichapisha jaribio ambalo wazazi walielekezwa waache kusoma tu: waulize maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au siyo, wamwache mtoto asimulie, wamwongezee maneno pale alipoishia. Wazazi wengine waliendelea kuwasomea watoto wao kama walivyozoea. Baada ya mwezi mmoja, watoto wa kundi la kwanza waliwapita wenzao katika kujieleza.

Hayo ni ya Marekani, atasema mtu. Haya, tuje Afrika Mashariki. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanywa vijijini Kenya kwa walezi 357 na watoto 510, wa kuanzia miezi 24 hadi 83. Walezi wengine walipewa vitabu peke yake, wengine vitabu pamoja na mafunzo ya namna ya kuvizungumzia na mtoto, na kundi jingine halikupewa kitu. Palipokuwa na mafunzo, watoto waliongeza msamiati uliomo vitabuni. Na watoto wa walezi wasiojua kusoma? Walifaidika angalau sawa na wenzao, na katika vipimo vingine zaidi yao. Tokeo hilo lilistahili kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya elimu, Wete hadi Mkoani.

Ajabu ni kwamba Mpemba hana haja ya kufundishwa mchezo huu wa kuulizana. “Kitendawili!” “Tega!” Anayeshindwa hutoa mji, na mtoto mdogo ana haki ya kujibu sawa na babu. Lakini mpe babu huyo huyo kitabu cha picha, mara anageuka mwalimu mkali: nyamaza, sikiliza, sema nyuma yangu. Kukariri kuna mahali pake. Chuoni mtoto anahifadhi Kurani, na pale herufi moja haichezewi. Picha ya kuku na vifaranga vyake haina hukumu hiyo. Mtoto akisema kuku amekasirika, aulizwe amekasirishwa na nani.

Wapo waliolielewa hili mapema. Mpango wa madrasa za watoto wadogo, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan na kufika Zanzibar mwaka 1990, uliwachukua wanawake wa mitaa na vijiji vyenyewe, ukawafunza ualimu, na vifaa vya kuchezea na kujifunzia vikatengenezwa kwa vitu vya mahali pale pale. Haukungoja wasomi washuke kutoka mjini.

Yasemwayo juu ya kukosa muda nayo yana uzito, ila si uzito wote yanaopewa. Mama anayelima mwani hushuka pwani maji ya bamvua yakitoka. Siku za maji mafu shamba halimwiti namna hiyo, na kurasa nne hazizidi muda wa kuchambua mchele. Uhaba wa vitabu ndio hoja ya kweli. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania upo tangu 1991, na African Storybook ya Afrika Kusini inatoa hadithi za picha kwa Kiswahili bila malipo, zinazofunguka hata kwenye simu. Bado ni haba mno vitabu ambamo mtoto wa Micheweni atamkuta popo wa Pemba, mkarafuu au ng'ombe wa mchezo. Na hivyo vichache vilivyofika skuli mara nyingi hufungiwa kabatini visichanike.

Tangu sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006, maandalizi ni sehemu ya elimu ya lazima, na mikutano ya wazazi hufanyika. Basi mwalimu, katika mkutano ujao, fungua kabati. Usiulize nani anajua kusoma. Mpe kitabu bibi aliyekaa nyuma kabisa, mkalishe mjukuu wake ubavuni pake, na waache wazazi wengine wasikilize.