Klachi Ikiungua, Ifunguliwe Kwanza



Kuna neno moja ambalo limezoeleka mno katika gereji za malori, na sisi twaona ni neno la dhuluma. Lori likikwama mlimani na moshi wa klachi ukatoka, kabla hata spana moja haijashikwa, huandikwa kitabuni: "Dereva ameunguza klachi." Shauri limekwisha. Mwisho wa mwezi mtu akitazama mshahara wake hukuta umekatwa, na mwezi wa pili vile vile.

Sisi tulio katika karakana ya reli hutengeneza malori pia, maana kokoto na mataruma hayafiki penye kazi yote kwa gari moshi. Tumeshusha giaboksi nyingi, na mikono yetu inajua uzito wake. Maoni yetu ni haya: klachi haiwezi kuhukumiwa kabla haijafunguliwa, wala isifunguliwe pasipo dereva na mjumbe wa chama kuwapo.

Tazameni jinsi ilivyo kwetu relini. Behewa likianguka, hakuna mtu mwenye akili anayesema papo hapo kwamba mwendeshaji ana makosa. Hupimwa upana wa njia, mita 1 kwa njia ya zamani na milimita 1,435 kwa njia mpya. Hutazamwa mataruma, hupimwa magurudumu, huulizwa kasi. Ndipo watu huketi na kusema. Je, dereva wa lori ni mtu wa namna gani hata yeye asipimiwe kitu?

Klachi ina magonjwa yake, na kila ugonjwa una dalili. Ikiwa inateleza, lori lenye mzigo likipanda mlima kwa gia kubwa, injini hulia juu lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua huja. Ikiwa haiachi, gia ya kwanza na ya nyuma hukwaruza hata gari limesimama na kanyagio limefika chini. Ikiwa gari hutetemeka linapoondoka, usikimbilie kushusha giaboksi. Tazama kwanza mipira inayoshika injini kwenye chesesi, maana ikikatika hufanya mtetemo ule ule. Na kelele nayo husema. Ikisikika unapokanyaga, beringi ya klachi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ikitoweka unapokanyaga, mara nyingi ugonjwa umo katika beringi za giaboksi, si katika klachi kabisa.

Fundi mwema huanza nje. Katika lori kubwa kanyagio halifanyi kazi peke yake. Mafuta ya klachi husukuma, na upepo wa tangi huongeza nguvu. Basi mafuta yakipungua, au upepo ukiingia katika bomba la mafuta, au sevo ikivuja, klachi haitaachia vizuri hata kama pleti ni mpya kutoka dukani. Kutazama mambo haya ni kazi ya robo saa. Walakini tumeona giaboksi zikishushwa, mtu mmoja akiumia mgongo, na ugonjwa ulikuwa mpira mmoja wa sevo.

Ukitaka kujua kama inateleza, weka mawe magurudumuni, funga breki ya mkono, tia gia kubwa, ongeza moto kidogo, kisha achilia kanyagio polepole. Injini ya klachi nzima itazimika. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Fanya mara moja tu, maana kila mara unaipasha moto, nawe utaimaliza kwa kuipima.

Sasa tuje kwenye pleti yenyewe, maana hapo ndipo haki ya dereva ilipo. Pleti ni kama kitabu, na hakisomwi kikiwa kimefungwa.

Lainingi ikiwa imelika sawasawa pande zote mpaka ribiti zikaonekana, hiyo ni pleti iliyozeeka. Imefanya kazi yake. Kumkata dereva kwa ajili yake ni kama kumkata kwa sababu matairi yameisha. Lainingi ikiwa bado nene lakini imelowa oili, ikang'aa kama kioo, hapo sili imeharibika. Tazama oili yenyewe: nyeusi na nyepesi ni ya injini, imepita sili ya nyuma ya krankshafti, nzito yenye harufu kali ni ya giaboksi. Hakuna dereva awezaye kupitisha oili katika sili kwa mguu wake.

Flaiwili ikiwa na madoa ya buluu na nyufa ndogo ndogo, moto umekuwa mwingi. Hapo ndipo watu husema, "Unaona, dereva!" Tunajibu, ngoja. Moto huo hutoka mahali pengi. Kama kanyagio lilikuwa halina mwanya wowote juu, beringi ilikuwa ikibonyeza klachi mchana na usiku, na aliyetakiwa kuacha mwanya ule ni gereji. (Malori mengine ya siku hizi beringi yake hugusa muda wote kwa makusudi, hivyo kisomwe kitabu cha gari hilo, si kukisia.) Kama springi za presha pleti zimelegea, klachi huteleza hata mguu wa dereva ukiwa mbali. Kama mzigo ulizidi, karatasi ya mizani itasema. Sheria ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari la ekseli saba, na kila dereva anajua ni nani anayeamuru mzigo upakiwe. Na foleni je? Mtu anayesogea hatua kumi kumi katika foleni ya mizani ya Mlolongo au ya mpaka wa Malaba, anaondoa mzigo mzima upya mara mia. Kila kuondoka ni moto. Njia hiyo hiyo huanzia usawa wa bahari pale Mombasa na kupita mita 2,700 pande za Timboroa.

Hatusemi madereva wote ni malaika. Wako wanaoondoka na mzigo kwa gia ya tatu. Wako wanaoegemeza mguu juu ya kanyagio safari nzima kana kwamba ni kigoda, na wako wanaoshikilia lori mlimani kwa klachi badala ya breki. Wabaya kuliko wote ni wale wanaoteremka na kanyagio limebonyezwa, gia ndogo imo ndani, ili waokoe dizeli. Magurudumu huizungusha pleti mbio kuliko ilivyoundwa, na lainingi hupasuka ikatawanyika. Pleti ya namna hiyo huvunjika vipande pasipo alama kubwa za moto, nasi tukiiona tunasema wazi kwamba ni kazi ya mguu. Chama hakitamtetea mtu kwa uongo. Anayeteremka hivyo anaweza kuua watu.

Lakini mwenye haki alindwe. Tuliletewa lori la mwajiri ambaye hatutamtaja. Dereva wake alikuwa amekwisha kukatwa miezi miwili kwa klachi iliyoungua. Pleti mpya iliyotiwa ikaanza kuteleza tena, ndipo gari likaja kwetu. Tulipofungua tukakuta lainingi nene, imelowa oili nyeusi, na sili ya krankshafti imekauka ngumu kama ukucha. Katika kitabu cha gari dereva yule alikuwa ameandika mara tatu kwamba oili inadondoka chini ya nyumba ya klachi, na hakuna aliyetazama. Makato yakakomeshwa. Fedha za miezi miwili hazikurudishwa hata leo, na watoto wake walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini ni pale tu uharibifu ulipotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Someni neno hilo "makusudi" mara mbili. Sili iliyokauka si makusudi. Pleti iliyozeeka si makusudi. Na kifungu cha 41 husema kwamba kabla ya mtu kuachishwa kazi kwa sababu ya makosa au kazi mbaya, aelezwe kwa lugha anayoifahamu, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama amchaguaye.

Kwa hiyo madereva, andikeni. Kila dalili, siku ileile, katika kitabu cha gari: harufu, kelele, oili, kanyagio gumu, pamoja na kilomita. Mwombeni karani atie sahihi, na mkiweza pigeni picha ya ukurasa kwa simu. Mafundi nao wasipulize vumbi la klachi kwa upepo. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi hilo huharibu mapafu. Wafute kwa kitambaa kibichi.

Na pleti iliyotolewa isitupwe. Ifungwe karatasi yenye namba ya gari, tarehe na kilomita, iwekwe stoo mpaka shauri liishe, maana tumeona mara nyingi ikiuzwa kwa watu wa vyuma vikuukuu siku ileile, na shahidi akaenda nayo. Wajumbe wa gereji zote walitie jambo hili katika mkutano wao ujao na mwajiri. Dereva ambaye ana barua ya makato mkononi sasa, ailete kwa katibu wa tawi kabla hajatia sahihi.